Nusu Iliyosahauliwa: Raha ya Kusoma na Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili hurudia mara kwa mara kwamba fasihi huelimisha na kuburudisha. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo imeandikiwa tasnifu nyingi. Nusu ya pili hutajwa, kisha huachwa. Makala haya yanaishughulikia nusu hiyo ya pili kwa kuzirejea riwaya nne zilizosomwa mfululizo kwa raha tu, nje ya muhtasari wowote wa masomo: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), Siku Njema ya Ken Walibora (1996) na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Inahojiwa kwamba raha ya msomaji si jambo la kuonewa haya wala si kigezo cha mwisho. Ni ushahidi unaodai maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe. Uchunguzi unaanzia pale msomaji wa raha anapoanzia, yaani kwenye kichwa cha kitabu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili, akiulizwa dhima ya fasihi, atajibu bila kusita kwamba ni kuelimisha na kuburudisha. Akiombwa afafanue neno la kwanza, ataorodhesha dhamira: ukoloni, matabaka, ukombozi wa mwanamke, rushwa, mgongano wa mila na usasa. Akiombwa afafanue la pili, atanyamaza, au atasema kwamba mwandishi ametumia methali, tashibihi na taharuki. Kunyamaza huko hakutokani na uzembe wa mwanafunzi. Mwanafunzi amefundishwa na uhakiki ambao nao hauna mengi ya kusema juu ya jambo hilo.

Sababu za kihistoria za hali hiyo zinaeleweka. Riwaya ya Kiswahili ilikua pamoja na harakati za kujenga taifa, na katika miongo ya 1970 na 1980 mhakiki aliyeuliza kitabu kinamsaidia nani alionekana kuwa na swali zito kuliko aliyeuliza kitabu kinampendeza nani. Kutokana na mizani hiyo ulizuka mpaka kati ya riwaya dhati na riwaya pendwa, kana kwamba kupendwa ni dalili ya upungufu. Istilahi yenyewe ina kinaya: fasihi iliyopewa jina la pendwa ndiyo iliyopendwa kidogo zaidi na wahakiki.

Suala hili linazidi mipaka ya nadharia. Riwaya ya Kiswahili katika Afrika Mashariki inategemea kwa kiasi kikubwa orodha za vitabu teule vya shule. Msomaji anayekutana na riwaya kama ghala la dhamira za kujibia mtihani hana sababu ya kuirudia mtihani ukishapita. Fasihi isiyokuwa na wasomaji wa hiari huishia kuandikiwa watahini, na uhakiki usiojua kueleza kwa nini kitabu kinasomeka hauwezi kulizuia jambo hilo, kwa sababu hauna hata lugha ya kulitaja.

2.0 Raha kama Ushahidi

Pingamizi la kawaida ni kwamba raha ni ya mtu binafsi na haipimiki. Pingamizi hilo lina uzito, lakini wanaisimu wamekwisha kukabiliana na tatizo la namna hiyo. Mzawa wa lugha anapoambiwa tungo mbili na kusema kwamba ya kwanza inakubalika na ya pili haikubaliki, hukumu yake hutokana na hisi. Hakuna mwanaisimu anayeikataa kwa sababu hiyo, wala anayeichukulia kuwa ndiyo nadharia. Hukumu ni data. Kazi ya mchambuzi ni kutafuta kanuni inayoieleza, kuilinganisha na hukumu za wazawa wengine, na kuwa tayari kuona kwamba baadhi yake zimeathiriwa na lahaja, umri au mazoea.

Raha ya kusoma inaweza kushughulikiwa vivyo hivyo. Msomaji anapoona kwamba amefikia ukurasa wa mia bila kujua, au kwamba amekifunga kitabu katikati ya sura na hakukirudia kwa wiki mbili, amepata data. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu raha ya matini, alitofautisha raha inayomliwaza msomaji na ile inayomvuruga. Tofauti hiyo ni ya manufaa, lakini haitoshi kwa mahitaji ya Kiswahili, kwa kuwa haiwezi kueleza ni mofimu gani, mpangilio gani wa maneno na rejista gani inayoleta raha hiyo katika lugha hii mahususi. Hilo ni jukumu la wanaoichambua lugha yenyewe.

3.0 Mzimu wa Watu wa Kale: Raha ya Kufichwa

Hadithi ya Abdulla ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na kwa hadithi hiyo upelelezi ulipata mguu katika riwaya ya Kiswahili. Bwana Msa, na kiko chake, na sahibu yake Najum ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza, wamekwisha kulinganishwa mara nyingi na Sherlock Holmes na Watson. Ulinganisho huo ni sahihi, ila umetumika zaidi kuonyesha mkopo kuliko kuonyesha kilichofanywa na mkopo huo ulipoingia katika Kiswahili.

Kichwa cha riwaya kinaahidi mzimu. Msomaji anaingia akitarajia jambo lisiloelezeka, na anakutana na mtu asiyeamini kwamba kuna jambo lisiloelezeka. Raha ya kwanza inatokana na pengo hilo. Raha ya pili ni ya kisarufi. Hadithi ya upelelezi huishi kwa kuficha mtenda, na Kiswahili kimejaliwa zana za kuficha ambazo mwandishi wa Kiingereza hana budi kuzitafuta kwa shida. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakibainishi jinsia: tungo kama "aliingia, akafunga mlango, akasubiri" haimwambii msomaji kama aliyeingia ni mwanamume au mwanamke, na msomaji hahisi kwamba amenyimwa kitu. Katika Kiingereza ukimya huo huonekana mara moja kwa sababu kiwakilishi kinamsaliti mwandishi; katika Kiarabu hata kitenzi kinamsaliti.

Zana nyingine ni kionyeshi. Kinapotangulia nomino, kama katika "yule mtu", kwa kawaida huashiria kwamba anayetajwa amekwisha kujulikana katika mazungumzo. Msimulizi stadi anaweza kumfanya msomaji aamini kwamba anamjua mtu ambaye kwa kweli anajua kivuli chake tu. Mbinu hizi zimo katika lugha ya kila siku, na ndiyo sababu msomaji wa Abdulla hafikirii kwamba anachezewa. Anasikia watu wa Unguja wakizungumza.

Mazungumzo ndiyo tegemeo la tatu. Bwana Msa hutegemea zaidi masikio kuliko silaha, na katika hilo anatofautiana sana na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia ulingoni na Kufa na Kupona mwaka 1974. Msomaji wa Musiba anakimbizwa. Msomaji wa Abdulla anakaribishwa barazani. Ni kweli kwamba ulimwengu wa wenye mashamba na watumishi wao hauhojiwi vya kutosha katika riwaya hii, na wahakiki walioiona kasoro hiyo hawakukosea. Waliacha tu kueleza kwa nini, pamoja na kasoro hiyo, kitabu kimeendelea kusomwa na watu ambao hakuna aliyewalazimisha.

4.0 Vuta N'kuvute: Raha ya Sauti

Kichwa cha riwaya ya Shafi kinastahili kuchambuliwa mofimu kwa mofimu. Vuta ni amri kwa mtu mmoja. N'kuvute ni kiambishi cha nafsi ya kwanza kilichofupishwa kuwa nazali, kikafuatiwa na kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya pili, mzizi, na kiishio cha dhamira tegemezi. Maana yake ni kwamba wewe vuta, nami nikuvute. Hakuna kamba iliyotajwa. Kinachovutwa ni wavutaji wenyewe. Kwa kuwa kuvuta kwa Kiswahili ni pia kupendeza na kutamanisha, kichwa hiki kimebeba kwa maneno mawili siasa ya riwaya na mapenzi yake.

Mhariri mwenye bidii angeweza kusanifisha na kuandika "nikuvute". Riwaya ingepoteza mdomo. Ufupisho wa nazali ni saini ya usemi wa Unguja, na unamtangazia msomaji kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba kitabu hiki kitasikika. Ahadi hiyo inatimizwa. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima asiyelingana naye hata kidogo kwa umri, anaitoroka ndoa hiyo na hatimaye kupata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Hapo ndipo riwaya inapochangamka. Mwajuma ni maskini, mkarimu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukemea, na karibu kila anachokifanya anakifanya kwa maneno. Msomaji akiwa na Mwajuma hahitaji kuambiwa kwamba mipaka ya rangi katika Zanzibar ya miaka ya 1950 inaweza kuvukwa. Anaisikia ikivukwa katika namna wanawake wawili wanavyoitana.

Denge ni suala tofauti. Kama mpenzi anayeingia usiku na kutoka kabla ya alfajiri, anasisimua. Kama msemaji wa ukombozi, lugha yake hukaribia lugha ya kipeperushi: vitenzi hupungua na nomino dhahania huongezeka, na pale ambapo watu walikuwa wakisukumana na kuchekeana sasa kuna ukoloni, ukandamizaji na mapambano. Msomaji wa raha huhisi kasi ikishuka katika kurasa hizo. Uhakiki wa maudhui, kwa upande wake, hunukuu kurasa hizo hizo kwa wingi, kwa kuwa ndizo zinazotaja dhamira kwa majina yake. Tofauti kati ya wasomaji hawa wawili inafundisha jambo: siasa ya Vuta N'kuvute ina nguvu zaidi pale isipotajwa. Inspekta Wright na Koplo Matata, mmoja akiamrisha na mwingine akitii kupita kiasi, wanasema mengi kuhusu dola ya kikoloni kuliko hotuba yoyote, na wanasema kwa kuchekesha.

Mwaka 2021 riwaya hii iligeuzwa kuwa filamu na mwongozaji Amil Shivji. Filamu inaweza kuonyesha vichochoro na nyuso. Haiwezi kurithi nazali ya kichwa ila kwa kuiacha isikike vinywani mwa waigizaji, na huo nao ni uthibitisho kwamba raha ya kitabu hiki ilikuwa ya sauti tangu mwanzo.

5.0 Siku Njema: Raha ya Maneno na Hatari Yake

Kichwa cha Walibora ni nusu ya methali. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuiona bila kuikamilisha kichwani: siku njema huonekana asubuhi. Kwa namna hiyo mwandishi anamfanya msomaji ashiriki kabla ya kusoma, kisha anampa asubuhi isiyo njema hata kidogo. Msimulizi, Msanifu Kombo, anayejulikana pia kwa jina la Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anayebaki yatima wa mama na kusafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Methali iliyokatwa inakuwa swali: ikiwa asubuhi ilikuwa mbaya, je, siku imekwisha kuhukumiwa?

Riwaya hii iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na ni mfano adimu wa kitabu teule kilichopendwa na watahiniwa wenyewe. Wengi waliibeba misemo yake hadi katika insha zao. Jambo hilo limewahi kudharauliwa kama ukasuku, lakini linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kijana anayenakili msemo kwa sababu umempendeza amefanya tendo la kihakiki, hata kama hajui kulieleza. Ametambua kwamba Kiswahili kinaweza kuwa chanzo cha fahari, na si somo tu miongoni mwa masomo. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unasaidia hapo: msimulizi mwenyewe ni kijana ambaye utajiri wake pekee ni lugha, na wingi wa msamiati wake ni sehemu ya tabia yake.

Hata hivyo, utamu ukizidi hukinaisha. Zipo sehemu ambamo huzuni inapambwa kabla haijahisiwa, na msomaji anausifu msemo badala ya kumlilia mtu. Sadfa nazo ni nyingi kuliko mahitaji ya msuko. Kasoro hizi mbili zinahusiana: zote ni za mwandishi anayependa sana ukamilifu, wa sentensi na wa hadithi. Ni vyema kuzitaja, kwa kuwa uhakiki wa raha usioweza kueleza mahali raha inapokatika utakuwa sifa tupu.

6.0 Babu Alipofufuka: Raha ya Kusumbuliwa

Riwaya ya nne inaonekana kuipinga hoja nzima. Said Ahmed Mohamed, aliyesomea isimu Leipzig na kufundisha kwa miaka mingi Bayreuth, ameandika hapa kitabu kisichombembeleza msomaji. Mhusika mkuu, kigogo wa serikali, ana herufi badala ya jina: K. Babu yake aliyekufa zamani anamjia na kumpeleka katika safari ndani ya nchi yake mwenyewe, aone maisha ya wale ambao starehe zake zimewagharimu. Hadithi haifuati mstari, na mpaka kati ya njozi na uhalisi haulindwi.

Kichwa kinatoa ufunguo tena. Babu Alipofufuka ni kishazi tegemezi. Kirejeshi cha wakati kinamfanya msomaji akubali tukio kabla ya kuulizwa kama analiamini: ufufuko umekwisha kutokea, na kinachosubiriwa ni kishazi huru, yaani nini kilifuata. Kishazi hicho hakimo kwenye jalada. Riwaya yote ndiyo kishazi huru. Tena kitenzi ni kufufuka, si kufufuliwa. Hakuna mtenda aliyemwinua babu kutoka kaburini. Ameinuka mwenyewe, kana kwamba hali ya nchi ilitosha kumwinua.

Herufi K nayo inafanya kazi inayozidi kuficha utambulisho. Jina la Kiswahili hubeba dini, kabila, pwani au bara. Herufi haibebi chochote kati ya hivyo, na kwa hiyo hakuna msomaji anayeweza kusema kwamba kigogo huyu ni wa watu wengine. Raha ya kitabu hiki haipatikani kwa kasi ya kufunua kurasa. Hupatikana katika kicheko kinachomtoka msomaji, kisha kumrudia akijiuliza amemcheka nani. Ni raha inayosumbua, ya aina ile ya pili ya Barthes, na inathibitisha kwamba kuanzia kwenye raha hakumaanishi kuchagua vitabu vyepesi. Msomaji aliyeachwa huru anaweza kuchagua ugumu, mradi ugumu huo umlipe kila anapoinua mguu.

7.0 Hitimisho

Riwaya hizi nne zina raha nne tofauti: ya kufichwa, ya kusikia, ya kuyaonja maneno, na ya kusumbuliwa. Katika kila moja, chanzo kimepatikana mahali mahususi: kiambishi kisichobainisha jinsia, nazali iliyofupishwa, methali iliyokatwa, kishazi kisichokamilika. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho ni pambo lililoongezwa juu ya maudhui. Siasa ya Shafi imo katika nazali yake, na shutuma ya Said Ahmed Mohamed imo katika kirejeshi chake. Kwa hiyo mgawanyo wa fani na maudhui, unaofundishwa kana kwamba ni vyombo viwili vinavyoweza kutenganishwa, hauwezi kuistahimili raha ikichunguzwa kwa makini. Mpaka kati ya riwaya dhati na riwaya pendwa nao unayumba, kwa kuwa Bwana Msa na K wanaishi kwa rasilimali zile zile za lugha.

Pendekezo linalotokana na uchunguzi huu ni dogo na linatekelezeka. Katika semina za riwaya, kabla ya swali la dhamira, mwanafunzi aulizwe ni wapi alishindwa kukiweka kitabu chini na ni wapi alitamani kukiweka. Kisha atakiwe kueleza majibu yote mawili kwa kurejelea tungo zilizomo katika ukurasa husika. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusoma mwongozo. Linaweza kujibiwa tu na mtu aliyeisoma riwaya yenyewe, na hilo peke yake lingetosha kulihalalisha. Litawafaa pia wanaisimu, ambao kwa muda mrefu wamechukua mifano yao kutoka katika sentensi za kutungwa mezani huku maktaba ikiwa imejaa sentensi zilizotungwa na mabingwa. Kauli kwamba fasihi huelimisha na kuburudisha itaendelea kuandikwa katika karatasi za mtihani. Wanaoifundisha wanaweza kuanza kudai kwamba nusu yake ya pili nayo itolewe ushahidi.